Dozi Iko Ng'ambo ya Ziwa

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam siku ya Jumapili, saa ya watu kutoka kanisani. Nasema mdogo wangu. Ni mtoto wa mama mdogo, na kwetu Mboko, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, hiyo haina tofauti. Alikuwa ametimiza miezi saba bila kugusa unga, yaani heroini. Kila asubuhi alikwenda kliniki, akanywa methadoni yake mbele ya muuguzi, kisha akaenda gereji anakofanya kazi. Sisi huku tulikwisha kutoa shukrani madhabahuni na kulisahau jambo lenyewe. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeripoti deni: "Yaya, nimeacha kweli. Lakini sioni utamu wa kitu. Hata samaki hana ladha."

Jibu langu lilikuwa fupi na la kijinga. Nilimwambia arudi nyumbani.

Familia nzima iliona nimesema vema. Mama yake alitaka kumwona kwa macho. Mchungaji alikwisha kupanga siku tatu za kufunga katika chumba cha maombi. Kaka zake walisema atapanda mtumbwi usiku, atavuta nyavu, atachoka kama watu wengine wanavyochoka, na mawazo yatamtoka. Katika kikao kile cha watu kumi na zaidi, hakuna aliyeuliza swali lililostahili kuulizwa kwanza: dozi ya kesho ataipata wapi? Teritwari yetu yote ya Fizi, kuanzia Swima hadi Baraka na kupanda mpaka milimani, haina kituo kinachotoa methadoni.

Alipanda basi hadi Kigoma, akalala akingoja boti, akavuka hadi Baraka, akamalizia na pikipiki. Alipofika Mboko ilikuwa siku ya nne tangu dozi ya mwisho. Alikuwa akihara na kutapika, kamasi zinamtiririka, anapiga miayo bila usingizi, na vinyweleo vimemsimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kwenye ufuko wetu, mtu anayehara na kutapika amekwisha kupewa jina la ugonjwa kabla hajafika mlangoni: kipindupindu. Tumeishi nacho miaka mingi mno. Akatundikiwa maji ya mshipa, na maji yalimfaa, maana alikuwa amekauka. Lakini hakikuwa kipindupindu. Ilikuwa ile hali ambayo vijana wa Dar na Mombasa huiita arosto, mwili unaodai dawa uliyoizoea na haupewi. Yeye mwenyewe aliijua tangu akiwa kwenye boti, ila aliona haya kulitaja neno hilo mbele ya mama yake.

Ninaandika haya kwa ajili yako uliye Mboko, Lusenda au Lweba, mwenye mtoto au ndugu anayekunywa methadoni mji wa mbali, na ambaye siku moja atakupigia simu akwambie maneno kama yale. Siku hizi wako wengi kuliko tunavyokiri. Vita vya tangu 1996 vilitutawanya: wengine wakalelewa kambini Nyarugusu, wengine wakashukia Nairobi, Kampala, Bujumbura, wengine wakapelekwa mpaka Marekani. Heroini iko katika miji yote hiyo. Bujumbura vijana huiita boost, Dar ni unga. Kijana aliyeondoka kwetu akijua ndakala, dagaa wa ziwa letu, na muhogo amekutana nayo maskani, mara nyingi kwa sigara iliyochanganywa, na si kwa sindano.

Kwanza tuielewe dawa yenyewe, maana nusu ya ushauri mbaya unatoka hapo. Methadoni iko katika ukoo mmoja na heroini. Wanaosema "amebadilisha tu kilevi" hawajatunga uongo mtupu. Tofauti iko katika mwendo wake. Heroini hupanda haraka, hushuka haraka, na baada ya saa chache mtu anatafuta kete nyingine, hata kwa kuiba redio ya bibi yake. Methadoni hupanda polepole na kukaa mwilini siku nzima, kwa hiyo dozi moja ya asubuhi humshikilia mpaka asubuhi ya pili. Anayeinywa kwa kipimo chake halewi. Anafanya kazi, analala, ana muda wa kufikiri. Madaktari wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, walichapisha matokeo yao ya kwanza mwaka 1965, na tangu 2005 dawa hii imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Upande wetu wa Afrika, Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar na mikoa mingine. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014. Uganda ilianza Butabika mwaka 2020. Ukijua ndugu yako yuko wapi, unaweza kukisia anasimama foleni ya wapi.

Sasa huo "muda wa kufikiri" ndio mlango ambao huzuni huingilia. Mtu aliyekuwa kwenye unga hakuwa na nafasi ya kuhuzunika. Siku yake yote ilikuwa kazi: kutafuta pesa, kutafuta muuzaji, kukimbia polisi, kutuliza arosto, kuanza upya. Methadoni inamwondolea kazi hiyo kwa dakika tano za asubuhi. Saa tatu anatoka kliniki, na siku nzima imekaa mbele yake tupu. Katika utupu huo ndipo wanaingia waliokufa: rafiki aliyezidisha dozi, mke aliyeondoka, mtoto asiyemfahamu baba yake. Kwa wa kwetu kuna zaidi. Wengi waliondoka wakiwa wamebebwa mgongoni usiku, na wameona wakiwa na miaka sita mambo ambayo mtu mzima hapaswi kuyaona. Unga ulikuwa umeyafunika. Haukuyazika.

Ubongo nao una hesabu zake. Mtu aliyeutilia raha kutoka nje kwa miaka mingi, ubongo wake umeacha kutengeneza ya kwake kwa kipimo cha kawaida. Chakula, mziki, bao la Mazembe, mtoto anayecheka: vyote vinapita kama maji juu ya jani la muhogo. Hali hii hulegea kwa miezi, si kwa siku. Mdogo wangu aliposema samaki hana ladha hakuwa akitafuta maneno mazuri. Alikuwa akieleza dalili.

Tanzania wataalamu wanauita ugonjwa wa huzuni ya namna hii sonona. Kwetu neno hilo halijashuka kwenye boti. Sisi tunasema ana mawazo mengi, moyo wake mzito, roho yake imelala. Na mara nyingi mgonjwa hasemi hata hayo, anasema tu kichwa kinauma na mgongo unawaka. Majina yasitugombanishe. Jambo la kushika ni kwamba sonona ni ugonjwa unaojitegemea. Anayekunywa methadoni anaweza kuupata kama vile anavyoweza kupata malaria, na hakuna anayesimamisha methadoni kwa sababu ya malaria. Wala hauji kwa sababu hana shukrani, au kwa sababu dawa "imemshinda", au kwa sababu nyumbani kuna mtu anayemwendea kwa waganga. Una matibabu yake, na matibabu hayo hufanya kazi methadoni ikiwa mahali pake.

Lakini si kila huzuni ya mtu wa methadoni ni sonona, na hapa ndipo unapoweza kumsaidia kwa simu tu, kwa kuuliza vizuri.

Muulize saa. Je, hali inakuwa mbaya alfajiri kabla ya dozi, pamoja na miayo, jasho na vinyweleo kusimama, kisha inatulia saa mbili tatu baada ya kunywa? Hapo huenda dozi ni ndogo. Watu huanzishwa chini, mara nyingi miligramu 20 hadi 30, na wengi hawatulii mpaka wafike kati ya 60 na 120. Wako wanaoona fahari kubaki chini, wanadhani namba ndogo ni utakatifu, na familia zinawapigia makofi. Mwambie ndugu yako asiuze usingizi wake kwa ajili ya makofi yenu; amwambie muuguzi ukweli.

Muulize ni dawa gani nyingine ameanza karibuni. Swali hili linaokoa watu. Rifampisini, iliyomo katika vidonge vya kifua kikuu, huifanya methadoni iondoke mwilini haraka mno. Mtu aliyekuwa ametulia kwa mwaka anaanza arosto wiki ya kwanza ya dawa za TB, na kila mtu anadhani amerudi maskani. Efavirenzi na nevirapini za ukimwi hufanya hivyohivyo, ingawa wengi sasa wamehamishiwa dolutegraviri ambayo haina ugomvi huo. Dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitali nazo zimo. Dawa ya kuiacha hapo haipo hata moja. Kliniki inapandisha methadoni, basi. Ila lazima iambiwe, na mara nyingi anayetoa dawa za TB haonani na anayetoa methadoni.

Kisha muulize anakunywa nini jioni. Pombe ndiyo dawa ya huzuni iliyo rahisi kuipata, kutoka lutuku ya kwetu hadi gongo ya Dar, na inamfanya mtu awe mzito zaidi kesho yake. Hatari yake kubwa ni nyingine: pombe au vidonge vya diazepamu, vile vinavyouzwa dirishani kama vya usingizi, vikikutana na methadoni vinapunguza pumzi mpaka mtu asiamke. Anayekoroma kwa sauti ya ajabu na haamki ukimtikisa hajapata usingizi mzuri. Anakufa. Mlaze ubavu, ita msaada, usimwache.

Liko pia swali ambalo kaka anaweza kumuuliza kaka na mama hawezi. Methadoni, kama ndugu zake wote, inaweza kushusha homoni za kiume. Nguvu za ndoa zinapungua, mwili unachoka, hamu inakwisha, na mwanamume anadhani amekwisha kabisa. Hili daktari analijua na linashughulikiwa. Aibu yake ndiyo inayowaondoa watu wengi kliniki kimyakimya.

Ukiyaondoa yote hayo na hali bado ipo, na imekaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hapo ni sonona mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Kuna maswali tisa yanayotumika dunia nzima, na tafsiri yake ya Kiswahili ipo: hamu ya mambo imekwisha? moyo umeshuka? usingizi? uchovu? hamu ya kula? kujiona si kitu, au umeiangusha familia? akili kutokaa pahali pamoja? mwendo kuwa mzito au kuhangaika bila kutulia? na la mwisho, kuona afadhali kufa? Kila moja lina alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 mtu anahitaji kutazamwa vizuri. Kwa mtu wa methadoni ninaongeza angalizo langu: usingizi, uchovu na chakula vinaweza kuharibiwa na dawa yenyewe, kwa hiyo sikiliza kwa makini zaidi majibu ya hamu, ya kujidharau na ya kifo.

Hilo la kifo liulize wazi. Najua kwetu linatisha; tunaamini kulitaja ni kuliita. Si kweli. Anayewaza kujiua amekwisha kuliwaza kabla yako, na kuulizwa na mtu anayempenda humpunguzia mzigo. Sema: "Mdogo wangu, umefika mahali pa kutaka kufa?" Akisema ndiyo, uliza kama amepanga vipi na lini, na usikate simu mpaka kuna mtu wa mwili amekaa naye huko aliko. Jirani, mshirika wa kanisa, mwenzake wa kliniki, yeyote. Dawa za wadudu, vidonge na dozi zozote zilizo ndani ya nyumba ziondolewe mikononi mwake. Kwa walio Marekani, namba 988 inapokewa usiku na mchana.

Na matibabu? Ninaanza na mazungumzo, kwa sababu ndiyo tunayoyadharau. "Maneno yatamponya nani?" Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa hapahapa, katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, kwa wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Baadhi walikaa katika vikundi, wiki baada ya wiki, wakiongozwa na wasaidizi wa kijamii, watu wa hapa wasio madaktari, waliofundishwa namna ya kuzungumza juu ya yaliyowapata na kuyapanga upya mawazo. Wengine walipewa msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja. Vikundi vilipunguza huzuni na hofu kwa kiasi kikubwa zaidi, na nafuu ilikuwepo bado baada ya miezi sita, vita vikiendelea. Wanawake wale hawakuwa watu wa heroini. Lakini anayeniambia maneno hayamsaidii mtu wa Kivu, namwonyesha hao. Harare nako, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye ugonjwa ambao Washona huuita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Hayo si mawazo mengi yetu?

Kliniki nyingi za methadoni zina mshauri nasaha au ofisa ustawi wa jamii. Tatizo ni kwamba foleni ya asubuhi ni ndefu, na anayekunywa na kuondoka haonekani kama ana shida. Mwambie ndugu yako aseme maneno haya kwa muuguzi, hayahaya: "Siko vizuri moyoni, wiki ya tatu sasa, nataka kumwona mshauri." Asingoje kuulizwa.

Vidonge vya sonona vipo na vinasaidia. Vinachukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nafuu, wakati mwingine zaidi, na wengi huviacha siku ya kumi wakisema havifanyi kazi. Visikatwe ghafla baada ya kupata nafuu. Na yeyote anayevitoa lazima ajue kuhusu methadoni. Amitriptilini, ambayo ndiyo rahisi kupatikana vituoni, huongeza usingizi na, ikiwa pamoja na methadoni, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Fluoksetini inaweza kuipandisha methadoni mwilini. Hazikatazwi. Zinahitaji mtu anayepima, na kipimo cha moyo pale kinapopatikana. Kinachokatazwa ni kununua dirishani na kuchanganya kwa siri. Dawa za miti vilevile: sizibezi, bibi yangu alinikuza nazo, lakini hakuna aliyezipima pamoja na methadoni.

Kuhusu chumba cha maombi nitasema bila kuzunguka. Maombi yana nguvu ya kumkalisha mtu mpweke katikati ya watu wanaomwita kwa jina, na hilo peke yake ni tiba. Mchungaji anayesema "tutaomba, na wewe kesho uende kliniki" ni mshirika wa daktari. Anayemfungisha siku tatu na kumwamuru atupe dawa kama ushahidi wa imani anaweza kumwua. Hamjui kwamba mwili uliokosa dozi siku kadhaa unapoteza uzoefu wake? Kijana akitoka maombini na kurudia unga kwa kipimo cha zamani, pumzi inakata. Hata methadoni yenyewe: aliyekosa siku tatu au zaidi haruhusiwi kurudia dozi yake ya juzi, kliniki humshusha na kumpandisha tena. Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyorudishwa kwenye dozi aliporejea Dar, kama mgeni, kutoka chini, baada ya safari niliyomshauri mimi.

Swali la wazazi ni hilohilo kila siku: ataiacha lini? Wengine huacha baada ya miaka, polepole, kliniki ikishusha kidogo kidogo. Wengine hubaki nayo na wanaishi, wanaoa, wanajenga. Wakati usiofaa kabisa wa kuanza kushusha ni wakati wa sonona. Sijaona fundi anayechomoa kalafati mtumbwi ukiwa kilindini.

Kwa hiyo kwenye simu, swali la "bado unakunywa ile dawa?" liache. Linamwambia kwamba unamhesabia. Muulize umekunywa leo, umekula nini, umeongea na nani. Msipige simu ya familia kwa pesa tu; kijana anayejiona ameangusha nyumba akisikia kila simu ni ada ya shule na bati la paa, anajihukumu upya. Mpe kazi ndogo anayoiweza: akuandikie namna ya kufunga injini ya boti, amfundishe mtoto wako hesabu kwa WhatsApp kila Jumatano. Siku yenye jambo moja la kufanya saa kumi jioni ni tofauti na siku isiyo nalo. Na jina wanaloitwa watumiaji wa unga, teja, lisitamkwe nyumbani hata kwa mzaha. Watoto wanalirudia.

Msiba ukitokea na lazima aje, mambo yapangwe kabla ya tiketi. Aende kliniki aeleze siku ngapi. Aulize kama wanaweza kumpa dozi za safari. Marekani sheria tangu 2024 inaruhusu aliyetulia apewe hadi dozi za siku 28, lakini huku kwetu kanuni ni kali zaidi na kila kliniki ina utaratibu wake. Akipewa, awe na barua yenye mhuri, maana methadoni ni dawa inayodhibitiwa na askari wa mpakani hana wajibu wa kumwamini. Chupa ifungwe mahali ambapo mtoto hawezi kufika. Dozi ya mtu mzima mmoja inaua mtoto. Asipopewa, asije. Alie akiwa huko. Tutamtumia picha za kaburi. Najua ninachokisema kinaumiza katika nchi ya Wabembe, ambako kukosa mazishi ni deni la ukoo. Mimi ningeliongoza kikao cha kumsamehe.

Wapo pia walio hapahapa, ambao heroini hawaijui ila tramadoli wanaimeza kama karanga ili wasisikie njaa wala uchovu. Hiyo nayo ni opioidi, na huzuni ya kuiacha ni ndugu wa hii. Hatuna methadoni, lakini maswali tisa hayahitaji mashine. Anzeni kwa muuguzi wa kituo cha afya, au kwa RECO, yule mhudumu wa afya wa mtaa anayemjua mgonjwa kwa jina. Rufaa ya karibu ni hospitali kuu ya Nundu au ya Baraka. Zamani ningeongeza kituo cha SOSAME cha Bukavu, cha Mabruda wa Upendo, ambacho kimehudumia wagonjwa wa akili wa jimbo hili miaka mingi. Tangu mji uliposhikwa na waasi wa M23 Februari 2025, safari ya huko simshauri mtu bila kuuliza kwanza hali ya barabara.

Mdogo wangu hakurudi tena Mboko. Mwaka huo mama yake ndiye aliyevuka. Alibeba ndakala kavu na unga wa muhogo, akalala Kigoma, akapanda basi ambalo hajawahi kupanda maishani. Kwa wiki tano alimsindikiza mwanawe kliniki alfajiri, akakaa kwenye benchi pamoja na mama wengine ambao nao walikuwa wakisindikiza. Siku ya pili alikwisha kujua majina yao. Mshauri alimwita ndani mara mbili. Alichoambiwa humo hajatusimulia, ila aliporudi alikwenda mwenyewe kwa mchungaji, wakafunga mlango.

Mdogo wangu alianzishwa vidonge vya sonona mwezi uleule. Wiki ya tatu bado alikuwa akisema hamna kitu. Wiki ya saba tukaacha kuuliza. Juzi ameniamsha saa kumi na mbili asubuhi, yuko njiani kwenda kunywa, amekasirika: ndakala tulizomtumia na dereva zilikuwa na mchanga, na nani amemfundisha huyo mwanamke wa sokoni kutia chumvi namna hiyo.